Minazi ya Rukuba

Jumamosi. Upepo umeanza tangu asubuhi hapa Nyakato, unapiga bati la duka langu na mimi kila mara nanyanyuka kwenda mlangoni nikidhani kuna mteja. Mama mmoja kaja kutoa nakala ya cheti cha mwanawe, nikamtolea upande mmoja tu, akarudi analalamika. Situlii. Ngoja niandike, labda nitapoa.

Wiki hii tumemlilia mdogo wangu Magesa, na Magesa yuko hai.

Magesa ni fundi wa injini za boti. Jumanne alivuka kwenda kisiwa cha Rukuba kutengeneza injini ya mtu, akasema kesho yake atarudi. Jumatano asubuhi ikaingia picha kwenye grupu la ukoo. Boti imepinduka, watu wamelazwa mchangani, wamefunikwa kanga. Chini yake maneno: boti iliyotoka Rukuba leo imezama, hakuna aliyepona, mjulishe na mwenzako. Aliyeituma ni binamu yetu wa Bunda. Naye alitumiwa na mtu, na huyo mtu alitumiwa na mtu.

Nilipiga simu ya Magesa. Haipatikani. Akiwa kule kwenye kambi za wavuvi haipatikani siku zote, sote tunalijua hilo, lakini siku ile hakuna aliyelikumbuka.

Kwetu Butiama mtu akipiga yowe, majirani wanakuja kwanza na maswali yanakuja baadaye. Ni utaratibu mzuri, umetuokoa mara nyingi. Mama alipiga yowe. Kufikia mchana turubai lilishafungwa, masufuria yameazimwa, na wazee wamekoka moto uani na kuuzunguka, kama wanavyomfanyia mtu aliyekwishakwenda.

Mimi nilikuwa bado dukani naitazama ile picha. Nikaikuza kwenye kompyuta. Nyuma ya boti kulikuwa na minazi. Mingi, mirefu, imejipanga ufukwe mzima. Nimefika Rukuba mimi. Kuna mawe, kuna ndege, kuna dagaa walioanikwa mpaka unakosa pa kukanyaga. Mnazi sijauona.

Nikampigia Baba mdogo. Yeye ndiye anayesimamia mambo ya ukoo tangu baba yetu afariki.

"Mwanangu," akasema, "mama yako amekaa chini, hata maji hayapiti kooni, na wewe unaniletea habari za minazi?"

Kweli ilisikika vibaya. Dada gani huyu, wenzake wanalia yeye anakagua miti? Nilijiona nina roho ngumu. Baba mdogo akaendelea kwamba ameshanitumia picha ya Magesa, ile ya shati jeupe aliyopiga harusini, niikuze, niweke msalaba pembeni na maneno ya kumpumzisha, niichape ije na gari la mchana.

Niliitengeneza. Mikono hii hii iliuweka ule msalaba karibu na sikio lake. Kisha nikashindwa kubonyeza.

Nikamwambia wino umeisha.

Wino ulikuwepo.

Nikafunga duka, nikapanda bodaboda mpaka Mwigobero, kwenye mwalo boti za visiwani zinakofunga. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu, na wakati huohuo najishutumu kwa kuomba jambo ambalo wenzangu walishalikubali. Nikafika mwaloni, nikasema mimi ni dada yake Magesa, nikauliza boti ya Rukuba iko wapi. Nahodha akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Si hii hapa, dada? Unaionaje?"

"Wanasema imezama."

"Izame saa ngapi tena, na sisi ndio tunashusha dagaa? Kama unamtafuta Fundi Magesa, tumemwacha kisiwani. Anasubiri spea. Akikosaga spea harudi huyo, unamjua."

Nilikaa juu ya gunia la dagaa la mtu nisiyemfahamu nikalia. Mimi ambaye kutwa nzima sikuwa nimetoa chozi. Baba mdogo hakuniamini hadi nilipompa nahodha simu wakaongea wenyewe. Hata hivyo Mama alikataa turubai lifunguliwe mpaka amshike mwanawe kwa mkono wake.

Alimshika Alhamisi. Magesa alivuka kuitafuta spea mwenyewe, mwaloni akaambiwa tu anatakiwa nyumbani, akaingia uani na begi lake la spana, akauliza nani amefariki. Mama akampapasa uso, akamvuta masikio, halafu akamzaba kofi. Tulicheka huku tunalia. Chakula cha msiba kikaliwa kama cha harusi, na ule moto wazee wakauacha ufe wenyewe.

Ndipo nikasimama kuhutubia. Nikawaeleza habari ya minazi, na kwamba ile picha nimeitafuta mtandaoni, nikaikuta imewekwa zamani na watu wa nchi nyingine, kwa lugha nisiyoijua. Kwamba wale waliofunikwa kanga ni ndugu wa watu wengine, walishaliliwa na wenyewe. Nikamaliza kwa kusema, kila kinachoingia kwenye simu msikiamini. Wakapiga makofi. Baba mdogo akasema ada ya shule haikupotea. Nilijisikia sana siku hiyo, sitaficha.

Tangu hapo minazi imekuwa utani wa ukoo. Mtu akileta habari kwenye grupu, anajibiwa: minazi. Mahindi yamepanda bei Bunda: minazi. Shangazi katangaza kipaimara cha mwanawe: minazi hiyo, shangazi. Nilicheka kuliko wote. Nilijiona nimeanzisha kitu.

Leo asubuhi ikaja tahadhari ya hali ya hewa kwenye simu. Kesho upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani, vyombo vidogo visitoke. Sikuirusha. Nilisubiri taarifa ya habari redioni nikaisikia kwa masikio yangu. Nikampigia mwenyekiti wa mwalo, akasema wao pia wamepewa taarifa na ameshatangaza, ila hawezi kumfunga mtu kamba asiondoke. Baada ya hapo ndipo nikaiweka kwenye grupu.

Wa kwanza kujibu alikuwa Magesa.

Minazi.

Wakafuata wengine, wote na neno lilelile. Mama, ambaye kuandika ni shida, akatuma kikatuni cha kucheka. Mama huyuhuyu aliyeshindwa kumeza maji Jumatano.

Nikampigia Magesa. Akasema spea imepatikana, mwenye injini amechoka kusubiri, kesho asubuhi anavuka kurudi Rukuba kwa kaboti kengine kadogo ka yule mtu.

"Dada, si wewe uliyesema tusiamini? Upepo huwaga upo tu siku zote. Juzi walinizika, leo wanataka kunizika tena?"

Akacheka. Nampenda mdogo wangu anavyocheka. Leo nilitamani nimzabe kama Mama.

Nimezunguka humu dukani na hayo maneno yake tangu nilipokata simu. Ni yangu. Niliwafundisha kukataa, basi. Minazi ile niliitambua kwa sababu niliwahi kufika Rukuba, na hata baada ya kuitambua sikuwa na uhakika, nikaenda mwaloni kumuuliza mtu. Sehemu hiyo sikuieleza vizuri. Nilikazania ile inayopigiwa makofi.

Upepo unazidi. Kuna karatasi imeruka kutoka mezani, nimeiacha hukohuko chini.

Na kuna jambo jingine, nalo linanitia aibu kuliko yote. Ile picha ya shati jeupe bado iko kwenye kompyuta. Nimeifungua. Nimewaza kuichapa, kubwa, na msalaba wake, nikamwekee mkononi. Neno "minazi" ni rahisi kulitamka mbele ya simu, sidhani kama angelitamka mbele ya uso wake mwenyewe. Angeogopa. Angebaki nyumbani kesho. Kidole kilikuwa kwenye kitufe.

Lakini yule aliyeirusha ile boti naye alitaka tuogope. Habari yangu ni ya kweli, ya kwake ilikuwa ya uongo, hilo naliona. Ila kwa Magesa zingefanana: picha imekuja, imemshtua, hajauliza chochote. Na safari nyingine akitumiwa kitu cha kumtisha atafanyaje?

Nimeifuta. Hata kwenye kapu la takataka nimeitoa.

Sasa nafunga duka. Magesa anakaa karibu na Mwigobero, nikiwahi bodaboda nitamkuta kabla jua halijazama, na mwenyekiti wa mwalo amesema yupo mpaka jioni. Sitamwomba Magesa aniamini. Nitamwambia avae shati twende akaulize mwenyewe, amuulize mwenyekiti, amuulize nahodha wa Jumatano kama kesho anatoka, aliangalie ziwa kwa macho yake.

Akikataa je? Sijui. Naogopa.

Najua atacheka. Basi nitamshika mkono nicheke naye, mradi tuwe tunacheka tukielekea mwaloni.