Shukrani Isiyojua Pa Kwenda

Jumatano, 3 Septemba

Baba kaniita sebuleni kabla sijavua hata koti la kliniki. Nikadhani kifua kimembana tena. Hapana. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, maganda ya chungwa mkononi.

"Kaa. Nina jambo, na usinicheke."

Baba yangu huyu! Mwalimu wa fizikia mpaka kustaafu. Wanafunzi walimbandika jina Mwalimu Ushahidi, maana ukimwambia lolote alikuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Mtu aliyetulea mimi na Kaka bila hata sala ya kulala.

Anasema tangu atoke hospitali — moyo ulisimama, wakauamsha — kila asubuhi anaamka na shukrani. Si furaha, anasema, shukrani. Imemjaa kifuani. Leo kala chungwa akalia.

Nikamwambia awashukuru madaktari. Amekwishawashukuru. Na manesi. Na dereva wa ambulensi.

"Bado imebaki, tena nyingi. Na sina pa kuipeleka."

Kisha ombi. Miguu haimbebi. Niende mimi. Nyumba yoyote ya ibada itakayonipokea, niingie, nikae, niangalie, nije kumweleza.

"Unieleze tu. Usinitafsirie."

Nimemjibu nitafikiria. Nimeoga, nimekula, nimefikiria. Ninaogopa. Siogopi dini — naogopa kubaki peke yangu. Kwetu kutoamini ndiko kulikokuwa dini ya nyumbani. Mkubwa wa nyumba akihama, mimi nabaki na nani?

Ijumaa, 5 Septemba

Nesi wangu wa kliniki, yule anayenishikia taa nikitoboa meno ya watu, hakushangaa hata kidogo. "Daktari, twende. Ila hiyo suruali, hapana." Kaniazima baibui na mtandio. Kwenye kioo nikaona mtu mwingine kabisa! "Umependeza," akasema. "Ukirudisha, uwe umefua."

Viatu mlangoni mwa msikiti. Ghorofa ya wanawake. Zulia nene, feni zinazunguka polepole. Nikakaa nyuma kando ya bibi mmoja anayesali kitini kwa sababu ya magoti. Nikamnong'oneza kwamba mimi si mwenzao, nimekuja kuangalia tu. Akanishika kiganja. "Angalia, mwanangu. Jicho halina nauli."

Hotuba sikuielewa yote. Halafu wakasimama. Bega kwa bega. Mama wa mkoba wa ngozi na binti wa sare ya shule, hakuna pengo. Halafu wakainama. Wote, huku juu na kule chini kwa wanaume. Ndipo nikasikia: sauti ya nguo. Nguo tu, za watu wote kwa pamoja. Upepo mmoja umepita ndani ya nyumba.

Kisha nyuso zote sakafuni. Bibi naye ameinama kitini kwake. Mimi tu kichwa kiko juu. Sijawahi kujiona mrefu namna ile, na mdogo namna ile.

Baba alitaka kujua habari ya nguo kuliko yote. Tukajaribu kuiga sauti ile kwa shuka, ikawa nyepesi mno. Tukajaribu kwa pazia la sebuleni. Nusura tuling'oe! Hakuna kilichofanana. "Basi ni watu," akasema Baba.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Nikaingia kimyakimya, benchi la nyuma. Mara, naona nani kwenye kwaya? Mzee Besi! Mgonjwa wangu. Jina nimempa mimi, maana hata akiguna akichomwa ganzi anaguna kwa sauti ya chini inayotetemesha trei ya vifaa. Wiki iliyopita alilowa jasho kitini kwangu kama kuku aliyenyeshewa. Leo kafungua kinywa, jino nililomziba linaonekana, na madirisha yanatikisika.

Sauti nne. Kila moja inakwenda zake, unasema sasa zitagongana — hazigongani. Zinafunguka kama mlango. Mimi siamini neno hata moja la wimbo ule na nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili.

Wakati wa kupeana amani mwanamume aliye mbele yangu akageuka: "Amani iwe nawe." Nikajibu, "Karibu tena." Mazoea ya kliniki! Akacheka, nikacheka.

Lakini kilichonimaliza ni foleni ya komunyo. Wanakwenda mmoja mmoja, na wengine wanafungua kinywa. Maisha yangu yote watu wananifungulia kinywa kwa hofu. Hawa wanafungua kama makinda ya ndege. Wazee wenye mapengo, hawaoni haya. Sikujua kinywa cha mtu mzima kinaweza kufunguka hivyo.

Nililia? Baba kaniuliza. Nikamwambia macho yalivuja. "Hiyo ni tafsiri," akasema. "Ulilia."

Jumatatu, 8 Septemba

Simu ya Kaka, nikaiweka kwenye spika. Baba kamsimulia mwenyewe. Kaka ni mhandisi, yuko mbali, na mtu aliye mbali husikia kila kitu kikiwa kikubwa.

Mmemfanya nini mzee? Nani anamwingia kichwani? Nikamwambia hakuna anayemwingia, yeye ndiye anayenituma. Akasema moyo ukisimama ubongo hukosa hewa, hiyo si imani, ni madhara. Eti mimi daktari nilipaswa kujua. Atakuja.

Nikakata simu, kumbe Baba kasikia yote kutoka chumbani.

"Anaweza kuwa sahihi," akasema. "Labda ni hewa ilikosekana. Lakini lile chungwa lilikuwa tamu kweli."

Alhamisi, 11 Septemba

Hekaluni kwa Wahindu, jioni baada ya kazi. Kanipeleka mama wa duka la dawa, tunakonunua ganzi na pamba. Miguu mitupu kwenye marumaru baridi. Kengele — kali, mpaka kwenye fizi. Halafu moto kwenye sahani ya shaba, kuhani anauzungusha polepole mbele ya sanamu zilizovishwa maua mabichi. Sanamu! Baba alikuwa akizitania darasani. Mimi nilitazama nyuso za watu badala yake. Walikuwa wanatazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesubiriwa sana anaposhuka kwenye gari.

Kisha moto ukaletwa kwa watu. Unapitisha viganja juu yake, unavipeleka usoni. Ukafika kwangu. Mama akaninong'oneza, ukitaka tu. Nikapitisha. Nikavipeleka usoni.

Siku nzima nashika nyuso za watu. Uso wangu nilikuwa nimeusahau.

Baba: joto la kiasi gani? Nikasema kama kikombe cha chai kilichosahauliwa kidogo. Akainua viganja vyake, akajifunika uso, akabaki hivyo. Nikatoka, nikajifanya naangalia jikoni.

Jumapili, 14 Septemba

Leo kwa Wakristo wale wanaoabudu kwa kukaa kimya. Chumba cheupe, viti vya duara. Hakuna mhubiri, hakuna wimbo. Wanangoja mpaka mtu aguswe na neno. Leo hakuguswa mtu. Tumbo langu ndilo lililohubiri, aibu iliyoje!

Ila baadaye kimya kile kikabadilika. Kikawa kizito, kama chumba kimeingia mtu mwingine na hakuna aliyegeuka kumtazama. Sijui. Hiyo ni tafsiri. Nafuta — hapana, naiacha.

Nikamwambia Baba sikusikia kitu.

"Kutosikia huko kulikuwaje?"



Jumanne, 16 Septemba

Miguu ya Baba imevimba. Usiku analala ameketi. Daktari wake wa moyo kanivuta pembeni kwenye korido: "Tumfurahishe mzee." Naijua lugha hiyo. Mimi pia huitumia, jino likiwa halina tena mzizi wa kulishika.

Ndani ya gari Baba kaniuliza wamesema nini.

"Wamesema tukufurahishe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi Jumapili nipeleke mwenyewe."

Wapi? Kwenye nyimbo kwanza. Na Ijumaa, kama bado yupo, kwa akina Nesi, akasikie hizo nguo. Nikamwambia, Baba, hawa watu hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe.

"Hayo ni yao. Mimi shukrani yangu ni moja. Wagawane."

Nilicheka. Halafu nikasimamisha gari kando ya barabara maana sikuwa naona vizuri. Yeye akatazama nje, akanipa muda wangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Kaka kafika mchana, begi begani, uso umekunjwa tayari tangu kule kwake. Nadhani alitarajia kumkuta mzee amepotea akili. Kamkuta anasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu.

Walisalimiana vizuri. Chakula kilikuwa kizuri. Kisha Kaka akashindwa kuvumilia. Baba, wewe? Wewe uliyetufundisha tusidanganyike? Unataka kupelekwa kupiga magoti mbele ya watu?

Nikasema magoti yenyewe hayakunjiki. Hakuna aliyecheka.

Kaka akamwinamia. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa. "Ushahidi uko wapi, Mwalimu?"

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini Baba hakukasirika. Alifikiri kweli, kama anavyofikiri mwanafunzi mzuri akiulizwa swali zuri.

"Sina," akasema.

Akaiweka kalamu nyekundu juu ya gazeti.

"Sina, mwanangu. Nimetafuta. Na bado nashukuru. Nifanyeje?"

Kaka akainuka akaenda kuosha vyombo, kwa kelele nyingi kuliko vyombo vilivyokuwepo. Baadaye nikamkuta amesimama mbele ya sinki, bomba limefungwa, mikono imelowa. Nilikausha masufuria.

Baba kalala mapema. Kaniomba nipige pasi shati jeupe.

Jumapili, 21 Septemba

Niko garini, nje ya kanisa. Walinzi wameniambia nilisogeze gari, tumeziba geti. Nimelisogeza chini ya ukuta. Naandika nikisubiri.

Asubuhi Kaka alisema wazi: ataendesha, atasaidia kubeba, hakanyagi ndani. Sawa. Baba kavaa shati, tai, na viatu vikubwa maana miguu haiingii kwenye vile vyake. Kwenye kona ya mwisho akauliza, "Huwa wanasimama au wanakaa?" Anaogopa! Mwalimu Ushahidi anaogopa kukosea, kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Nikamwambia ukiwaona wanasimama, wewe kaa tu.

Ngazi. Nilizisahau kabisa. Kiti cha magurudumu hakipandi. Mzee Besi akatuona, akashuka mbio na joho lake la kwaya, na mwenzake nyuma. Wakashika kiti huku na huku.

"Hapana," Kaka akawaambia. "Asanteni. Baba yangu namnyanyua mimi."

Akamnyanyua. Mikononi, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala. Nilimwona Kaka akishtuka — hakujua Baba amekuwa mwepesi kiasi gani. Alisimama kidogo pale chini. Baba akamshika shingoni, akamwambia kitu sikioni. Sikukisikia. Wakapanda. Mzee Besi nyuma yao na kiti kitupu.

Mlangoni Kaka aligeuka akaniita: "Namkalisha, natoka! Anataka kukaa peke yake, tumsubiri wote garini!"

Kwaya imeanza. Madirisha ya kanisa yako wazi, naisikia hadi huku. Sauti nne. Nimewasha redio nisisikie, nimeizima.

Wimbo wa kwanza umekwisha. Watu waliochelewa wanapanda ngazi wakikimbia. Hakuna anayeshuka.

Wimbo wa pili huu. Kaka hajatoka. Labda Baba kabanwa na kifua? Hapana, wangeniita. Labda amemshika mkono, hamwachii. Labda ni yeye asiyemwachia Baba.

Nimefungua mlango wa gari. Mguu mmoja uko chini, na bado naandika —