Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Bi Mishi

Jumatatu, 13 Aprili 1953
Nguo za mwanangu Riziki hazikauki. Chumba hiki cha kupanga kimejaa moshi wa jirani. Nimechoka. Jioni tumekwenda tena kuitazama nyumba ya Bi Mishi, mteremkoni hapa Kwale. Naipenda. Riziki atapata ua wa kukimbia. Lakini ukuta wa nyuma, unaokabili kilima, umekandikwa udongo mpya. Kuta nyingine zina udongo wa zamani. Idi bado, harusi hakuna. Mtu hakandiki ukuta mmoja bure.

Alhamisi, 16 Aprili
Mume wangu anataka kutoa arbuni ya nyumba. Nimekataa. Mvua za masika zinyeshe kwanza, tuone. Kacheka: "Mama Riziki, unanunua nyumba au unamchunguzia kaka yako mchumba?" Na acheke. Atakayelala chini ya ukuta ule ni mwanangu.

Jumanne, 21 Aprili
Nimempa Bi Mishi shikamoo yake, kisha nikamuuliza waziwazi. Alinuna. Halafu akakubali: ufa upo tangu masika yaliyopita. Kaniruhusu nikwangue. Ndio huo, chini mpana. Nikaupaka ukanda wa chokaa kwa ndani. Ukuta ukisogea, chokaa itakatika. Nikachokonoa nguzo kwa kisu, bado ngumu. Nikapanda kilima, mtoto mgongoni. Minazi mizee imepinda shinani, michanga imesimama wima. Nadhani ardhi iliteleza zamani, ikatulia.

Jumamosi, 25 Aprili
Mvua kubwa. Yuko mtu wa Msambweni anaitaka nyumba, fedha anazo. Nikakimbilia kwa Bi Mishi. Chokaa imekatika.
Nimelia, kidogo tu. Kisha nikatoka nyuma, nikasimama mvuani mpaka nikaona chanzo. Maji yanafuata njia ya kisimani, yanashuka hadi ukutani, yanatuama pale pale. Kilima hakina kosa. Njia tumeichimba sisi wanawake kwa miguu yetu. Mimi mwenyewe hupita hapo kila asubuhi.

Ijumaa, 1 Mei
Jirani zangu nimewabembeleza, wamekubali kupita upande wa mikorosho. Nimepaka chokaa upya. Mume wangu kachimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa kilimani, akinung'unika: "Nyumba si yangu, jembe langu!" Bi Mishi akamjibu kutoka dirishani: "Chimba, mwanangu. Hiyo ndiyo mahari." Yule wa Msambweni kaambiwa angoje. Namshukuru bibi yule.

Jumamosi, 9 Mei
Imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimekwenda. Maji yamo mtaroni, yanazunguka nyumba na kuishia migombani. Chini ya ukuta pakavu.
Nimepitisha kidole juu ya chokaa, juu mpaka chini. Nzima.
Mume wangu alikuwa mlangoni, Riziki begani. Hakutania. Nikamwambia, "Toa arbuni."
Mtoto amelala sasa. Kwa Idi nitakandika kuta zote nne.