Kilo za Laban

Kombewa, 4 Machi 2024

Kwa Baba Debra,

Salamu nyingi. Watu wa Kimilili hawajambo? Mimi figo zimechoka, na daktari hanifichi tena. Binti yangu Adero ananilisha uji kwa kijiko.

Nimekukumbuka sana, Laban. Kule mtaani Kaloleni, tulipokuwa majirani, tulitenganishwa na ukuta mmoja. Nilipokohoa, wewe ulisema pole.

Mwaka 2006 nilikuambia wakubwa wa kiwanda cha samaki ndio waliokufukuza. Si kweli. Wao walitaka tu kila idara iondoe wafanyakazi wawili wa mwisho; kipimo nilikitunga mimi, afisa wa wafanyakazi: kilo za minofu kwa saa. Zako zilikuwa chache kwa sababu nusu ya zamu ulikuwa ukinoa visu vya wenzako wa meza nzima. Na mimi ndiye niliyekuomba uvinoe. Fomu haikuwa na mahali pa kunoa visu. Ningeweza kuandika pembeni. Sikuandika, niliogopa kipimo changu kingeonekana kina kasoro.

Njoo nikuone kabla sijaondoka.

Kaka yako,
Baba Adero

Kimilili, 15 Machi 2024

Baba Adero,

Pole kwa figo. Sisi wazima, tunapanda mahindi.

Bwana Ondiek, nilijua siku ile ile, ulipozungumza na viatu vyangu badala ya uso. Ulidhani kunoa visu kunaharibu macho?

Lakini barua ya kiwanda ilisema "utendaji hafifu", na mke wangu Nasipwondi aliisoma. Miaka kumi na minane sasa, nikipumzika kidogo shambani, ananiita Hafifu. Anacheka, lakini anaamini. Usiniungamie mimi. Mwandikie yeye. Bila hiyo siji.

Laban

Kombewa, 2 Aprili 2024

Kwa Baba Debra,

Mvua imefika huko? Mkono umekataa kalamu; nasema, Adero anaandika.

Nimemwandikia Mama Debra kurasa tatu. Nimemweleza kwamba wiki uliyoondoka, kilo za wenzako Akello na Dorca na meza yote zilishuka kwa visu butu. Niliona, nikanyamaza.

Sitakuomba tena uje. Ila geti likilia mchana, namtuma Adero atazame.

Kaka yako,
Baba Adero

Kimilili, 11 Aprili 2024

Kwa Baba Adero,

Umeamkaje? Uji unashuka?

Barua yako kwa Nasipwondi imefika. Aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. "Kwa nini hukusema, wewe mzee?" Akalia, kisha akanigombeza mpaka jioni kwa kunyamaza kwangu. Sijui nikuambieje: nilifurahi kugombezwa kwa kosa langu mwenyewe.

Tunakuja sote wawili, Jumamosi ya tarehe ishirini. Anasema ana maneno yake kwako, na si mafupi. Kwa hiyo, omera, ndugu yangu, tafadhali, usitangulie.

Ndugu yako,
Baba Debra