Mtani wa Bwana Kondo

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefungua ofisi kama kawaida. Nimefagia, nimefungua madirisha, nimewasha kompyuta. Bwana Kondo ameingia na kofia na bakora yake, na kikohozi chake kidogo cha kila siku, nikiwa bado nimeshika ufagio. Shikamoo. Marahaba, Mnyamwezi, leo hujabeba mzigo kichwani? Nikacheka kidogo.

Kila asubuhi ni hivyo. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu babu zetu waliposhuka huku Bagamoyo na misafara. Ana haki ya kunitania. Nami nina haki ya kumjibu, tena kwa lolote, na akikasirika aibu ni yake. Sijawahi kumjibu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Mkataba wangu wa majaribio wa ukarani unaisha tamasha likiisha, na atakayesema nibaki au niondoke ni yeye. Mtu wa namna hiyo humtanii. Unacheka kidogo, unarudi kwenye kazi.

Kazi ya leo ni ratiba. Alhamisi ya wiki ijayo ngoma na wachoraji. Ijumaa mashairi ya wanafunzi na usomaji wa hadithi. Jumamosi maigizo, na la mwisho ni la kina mama wa Kaole, wakulima wa mwani. Nimekagua majina yote mara mbili. Naogopa sana kukosea jina la mtu.

Alhamisi, 5 Septemba

Kaole, kwa bodaboda, kuangalia mazoezi ya kina mama. Nilitumwa kujua igizo lina urefu gani na linahitaji vifaa gani. Urefu wa kawaida. Vifaa hakuna.

Wanafanyia mazoezi nyuma ya shule, wakishatoka baharini. Igizo ni la bwana mmoja anayeuza njia ya kwenda pwani. Wanawake wanarudi na mwani kichwani, wanakuta seng'enge na geti. Wanamuuliza njia iko wapi. Bwana anajibu: njia ipo, ila imehamia kwenye karatasi.

Si hadithi ya kutunga. Njia yao imefungwa mwaka huu, panajengwa nyumba ya wageni. Kila mtu anajua nani aliuza kiwanja kile na njia ikiwa ndani yake. Sasa kina mama wanazungukia kwenye mikoko, tope mpaka mapajani, na mizigo kichwani.

Kiongozi wao, Bi Mwanaidi, ndiye anayeigiza yule bwana. Mama wa makamo, mwembamba, sauti nzito. Kofia, bakora, na kile kikohozi kidogo kabla ya kila neno muhimu. Hakutaja jina la mtu. Hakuhitaji.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikageuka kuangalia kama kuna aliyeniona nikicheka. Najichukia kwa hilo.

Ijumaa, 6 Septemba

Ameshaambiwa. Sijui na nani.

Leo hakuniita Mnyamwezi. Kaniita Kulwa, jina langu, nikajua mambo yameharibika. Alikuwa mpole kabisa. Akakohoa. Akasema mama zake wa Kaole anawaheshimu, lakini Jumamosi muda hautatosha, niwafute kwenye ratiba na niende mwenyewe kuwaeleza. Kisha, akiwa mlangoni: tamasha likiisha vizuri tutazungumza habari za mkataba wako.

Hakuna aliyenitisha. Nimetishika.

Nimewafuta. Mahali pao nimeandika "Burudani".

Jumamosi, 7 Septemba

Niliwakuta wanatoka kwenye mikoko. Bi Mwanaidi mbele, gunia la mwani kichwani linamdondoshea maji mabegani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Nikasema nilichotumwa. Nilikuwa nimekariri njia nzima.

"Muda," akasema. Akatua gunia taratibu. "Muda umetukimbia sisi peke yetu?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Umetumwa au umekuja?"

"Nimetumwa."

"Haya. Mwambie aliyekutuma tutakuja. Igizo hatuna, miguu tunayo. Kama na kukaa chini kunataka kibali, atuambie."

Mwenzake akadakia kwamba nimwambie pia aandae vitambaa, wasije wakamchafulia viti vyake. Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Mwacheni mtoto wa watu, hamwoni anatetemeka?"



Wakanipa maji ya kunywa. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Jumanne, 10 Septemba

Nimechapa ratiba zote. "Burudani" inanitazama kwenye kila nakala.

Mama kapiga simu kutoka Tabora. Anauliza kama wameshaniajiri. Nikamwambia bado kidogo. Akaniombea. Nilimwacha aombe mpaka mwisho, sikumwambia ninachoombewa nimekifanyia nini.

Nina hasira. Nilidhani ni juu ya Bwana Kondo. Si yeye. Yeye analinda chake. Mimi nalinda nini?

Alhamisi, 12 Septemba

Ufunguzi. Watu wengi kuliko nilivyotarajia. Wachoraji wametundika picha zao kwenye kamba za kuanikia nguo, upepo unazipindua, mtu anazishika kwa mikono kuzitazama. Msusi mmoja wa mikeka amegoma kukaa kwenye kibanda, anasema yeye hauzwi. Ngoma ya kwanza ilichelewa. Ya pili iligoma kuisha.

Kina mama wa Kaole wamekuja. Wametandika mkeka mbele kabisa, karibu na meza kuu. Khanga safi, ushungi safi, na miguu yote ina tope. Wametoka mikokoni moja kwa moja na hawakunawa, kwa makusudi. Tope limekauka jeupe. Wamenyoosha miguu, wanaangalia ngoma, wanapiga makofi.

Bwana Kondo aliwaona. Aliangalia pembeni mchana kutwa.

Katika kushukuru watu alinitaja kwenye kipaza sauti. "Na karani wetu, mtani wangu Mnyamwezi. Mchapakazi, ila ulimi aliusahau Tabora!" Uwanja mzima ukacheka. Nikacheka kidogo. Bi Mwanaidi hakucheka. Alinitazama tu, bila ubaya, kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Ijumaa, 13 Septemba

Mashairi. Binti mmoja wa sekondari alisahau ubeti wake katikati, akasimama anasokota pindo la sketi. Kina mama wa mbele wakaanza kumpigia makofi ya polepole. Wakaendelea mpaka akakumbuka. Akamaliza kwa sauti kubwa kuliko aliyoanza nayo.

Tope tena. Leo wameongezeka.

Sikula mchana.

Jumapili, 15 Septemba

Jana sikuandika. Naandika sasa kabla ya kanisa.

Maigizo yalikwenda vizuri hadi alasiri. Ikafika ile nafasi ya "Burudani". Muziki ulikuwa uwekwe, lakini Bwana Kondo alikuwa amefurahi, mgeni rasmi amemsifia, watu wamemsifia. Akachukua kipaza sauti mwenyewe. Akaniita jukwaani.

Sikutaka. Nilisukumwa.

Akaanza. Watani zake Wanyamwezi walikuja Bagamoyo na meno ya tembo, huyu kaja na karatasi. Watu wakacheka. Anaogopa hata kuku wa jirani. Wakacheka zaidi. Akaniwekea kipaza sauti mkononi, akafungua mikono yake miwili. "Haya, Mnyamwezi. Leo nimekupa ruhusa mbele za watu. Nitukane!"

Alijua nitacheka kidogo na kushuka. Na mimi nilijua hivyo. Nikaangalia chini nikaona ile miguu.

Nikasema: "Mtani, ulisema ulimi niliusahau Tabora. Umefika jana, kwa basi."

Kelele. Hata yeye alicheka, alicheka kweli. Ningeweza kuishia hapo. Ningekuwa na kazi leo.

Nikasema babu zangu walitembea kutoka Tabora na mizigo mabegani mpaka wakaiona bahari hii. Bahati yao walitembea zamani. Wangekuja leo wangefika Kaole wakakuta geti. Wangekuuliza, mtani, bahari iko wapi? Ungewaambia ipo, ila imehamia kwenye karatasi.

Akakohoa. Kile kikohozi chenyewe. Kina mama wakaangua kicheko hata hajamaliza kukohoa, na uwanja ukafuata.

Mjumbe mmoja wa kamati akapanda kuninyang'anya kipaza sauti. Mzee mmoja nisiyemjua akasimama huko nyuma, akapiga kelele: "Mwache! Huyo ni mtani wake! Kamwomba mwenyewe!" Wengine wakaitikia, mwache, mwache. Mjumbe akasimama katikati ya ngazi, hapandi hashuki.

Nikaendelea.

"Na siku ukifa, mtani, mimi ndiye nitakayelala mbele ya jeneza lako. Desturi unaijua. Watani wengine huinuka wakipewa chochote. Mimi sitainuka kwa hela. Nitainuka geti likifunguliwa."

Vigelegele. Bwana Kondo alikuwa anacheka kwa meno. Macho yalikuwa hayamo. Lakini angefanya nini? Mzaramo anayemkasirikia Mnyamwezi kwa utani, mbele ya Bagamoyo nzima, na ruhusa katoa mwenyewe? Wangemcheka mpaka kwenye arobaini yake.

"Sasa kaa, mtani," nikasema. "Wageni wako wa Kaole wamekuja na miguu yao."

Wakainuka. Hawakuharakisha. Bi Mwanaidi akapita mbele ya meza kuu, akainama kwa adabu zote. "Baba, niazime bakora yako. Yangu nimeisahau nyumbani."

Akampa. Aliitoa mwenyewe kwa mkono wake.

Wakaigiza lote. Hawakukata neno. Mimi nilikaa kwenye ngazi za jukwaa.

Bakora ilirudishwa kwa mikono miwili.

Naogopa. Nilidhani nikishasema woga utaisha. Haukuisha. Uko palepale. Ila jana niliupita.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimefungua ofisi. Nimefagia. Shikamoo. Marahaba. Basi. Hakuna mzigo kichwani, hakuna Mnyamwezi.

Aliniita kabla ya chai. "Ofisini hakuna utani, Kulwa." Mkataba hauendelei. Mwisho wangu ni Ijumaa, nimwoneshe mtu atakayekuja mahali vitu vilipo.

Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia. Nikasema sawa, Bwana Kondo. Nikafika mlangoni nikarudi. Nikamwambia kwamba lile halikuwa jambo la ofisi. Kipaza sauti alinipa yeye.

"Mnyamwezi mbaya wewe," akasema. Sijui kama ni utani. Uamuzi haukubadilika.

Nimempigia Mama. Nilimwambia yote, hata la jeneza. Kisha nikasikia anacheka, anajizuia, anashindwa. Halafu akakumbuka mambo ya kodi ya chumba.

Sijuti. Nimejiuliza mchana kutwa, kwa uangalifu, kama ninavyokagua majina. Sijuti.

Jumatano, 18 Septemba

Karani mpya amekuja. Mpole, kutoka Ubena ya hukuhuku mkoani. Nimemwonesha funguo, kabati, printa inayokataa karatasi nene. Aliniuliza Bwana Kondo ni mtu wa namna gani. Nikamuuliza yeye kabila gani. Mkwere. Nikamwambia basi na mimi ni mtani wako, jiandae. Akacheka kidogo. Kicheko kilekile. Nimemhurumia.

Tamasha linazungumzwa bado. Sokoni Dunda muuza nyanya amekohoa kile kikohozi aliponiona. Watu kibandani kwake walikuwa hoi kwa kucheka. Watu wamerekodi kwenye simu. Inasemekana wenye kiwanja wameita kikao na serikali ya kijiji, na mpaka kikao kikae mlinzi ameambiwa asiwazuie kina mama siku za bamvua, maji yakitoka mbali. Inasemekana. Sijaona.

Alhamisi, 19 Septemba

Niliomba ruhusa ya asubuhi, nikapewa. Nilikwenda Kaole.

Maji yalikuwa yametoka mbali sana. Kina mama wako chini huko, wameinama, kila mmoja kwenye kamba zake. Geti lilikuwa wazi kiasi cha mtu kupita na mzigo. Si wazi kabisa. Seng'enge iko palepale. Hakuna aliyeshinda, nadhani, ila kwenye mikoko leo hakukuwa na mtu.

Bi Mwanaidi hakunishukuru na sikumwomba radhi. Alinipa kamba na mbegu za mwani, akanionesha namna ya kufunga. Nilifunga vibaya. Akafungua, akanionesha tena. Jua lilikuwa kali, maji ya vuguvugu miguuni. Wenzake walikuwa wanabishana kama harusi ya wiki ijayo itakuwa na pilau au wali wa nazi. Hakuna aliyetaja tamasha.

Maji yalipoanza kurudi tukajitwisha mizigo. Wangu ulikuwa mdogo kuliko yote na shingo iliniuma hata hivyo.

Mlinzi alikuwa anakula, amekaa kivulini na sahani yake. Upepo ulikuwa umelisukuma geti likajifunga. Alituona. Hakuinuka.

Tulifungua wenyewe.