Uchafu wa Pisini

Masisi, siku ya ine, 1956

Leo tena wamama wenzangu wamenicheka kwenye kijito. Mimi njo niliwatangazia kwamba Bahati wangu peke yake anajua kuosha muchanga wa filitre, ule wenye kuchuja maji ya pisini, kiziwa yao ya kuogelea, kule juu kwa muzungu. Kumbe akiuosha, uchafu wote unashuka huku tunapochota!

“Mama Bahati, mutoto yako ametuletea jasho ya wazungu,” jirani Furaha akasema. Nikajaza mutungi maji yale yale, nikapanda nyumbani.

Jioni Bahati akarudi anacheka. “Mama, pisini iko safi, unaona mpaka chini. Bwana amenisifu.”

Kweli iko fundi, hakuna kama yeye. Lakini mutungi wetu…

Akaomba maji ya kunywa. Nikamupa ya kijito. Akaangalia ndani, akanirudishia kikombe.

Nikakunywa mimi.