Vali ya Mume Wangu Ilikuwa Dharura, Yangu Wakaiita Wasiwasi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla hasira haijaniua, maana ugonjwa wenyewe nao uko njiani na sijui kipi kitatangulia. Mimi ni dobi, nina duka langu la kufua na kupiga pasi chini ya jengo lilelile tunaloishi, sisi tuko ghorofa ya tatu, watu wananiita Mama Pasi, umri umevuka sitini lakini mikono bado ni yangu na wateja wanajua kwamba kola ya shati ikitoka kwangu inasimama yenyewe. Mume wangu alikuwa refa wa mpira, alishastaafu, ila mtaa mzima bado unamwita Refa, na hata nyumbani mwenye kipenga ni yeye, akisema mpira umetoka basi umetoka.

Yeye ndiye aliyeugua kwanza. Siku moja tu, mshauri, siku moja alipanda ngazi akafika juu ameshika kifua, akasema kinambana, kesho yake alikuwa kwa daktari wa kliniki yetu, daktari akamsikiliza moyo, akashtuka, akampeleka hospitali kubwa, na mwezi haukuisha tukawa tumeshaambiwa kwamba vali moja ya moyo imekaza, haifunguki sawasawa, damu inatoka kwa kujipenyeza. Wakamtibu bila kumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani mpaka moyoni, vali mpya ikiwa imekunjwa humo ndani, wakaifungua palepale penye ile ya zamani. Mimi nililala kwenye benchi la korido, nikamwogesha, nikamlisha, nikafunga duka na wateja wengine wakahama moja kwa moja, wala sikunung'unika, kwa sababu ni mume wangu na nilitaka aishi. Akapona. Sasa anapanda ngazi akipiga mluzi.

Mimi yangu hayakuanza kwa kifua kubana. Yalianza kwa kuchoka, uchovu ambao hata ukilala unaamka nao, halafu pumzi ikaanza kunikatikia njiani, nikawa nabeba kapu la nguo ghorofa moja nakaa, nabeba tena nakaa, mpaka watoto wa jirani wakawa wananipita wakiniuliza, "Bibi, unamsubiri nani?" Nikimwambia Refa, ananiambia, "Umenenepa, mke wangu, punguza mkate." Nikimwambia kifungua mimba wangu, mtu mzima mwenye ofisi yenye viti vya kuzunguka, ananiambia, "Mama, hayo ni mawazo. Pumzika." Nipumzike, shuka za hoteli anifulie nani?

Mwishowe nikaenda kliniki, kwa daktari yuleyule aliyemwokoa mume wangu, na Refa akanisindikiza. Daktari akamgeukia yeye. "Mama anajisikiaje?" Refa akajibu, "Ana wasiwasi huyu, daktari. Tangu niugue mimi, kila kitu kwake ni moyo." Wakacheka, mshauri. Wakacheka wote wawili na mimi nimekaa katikati yao kama mkoba. Hakuna aliyenigusa hata kiganja. Nikatoka na vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi.

Vidonge vilileta usingizi kweli. Nilisinzia nimesimama, pasi ikiwa juu ya koti la bwana harusi, nikaamshwa na moshi, na koti lina tundu lenye sura ya pasi mgongoni. Mwenyewe alinitukana mbele ya wateja mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Refa akasema, "Umeona sasa? Akili haijatulia."

Hazikupita siku nyingi nikaanguka kwenye ngazi. Nakumbuka kizunguzungu, nakumbuka kapu kunitoka mikononi, halafu nakumbuka shuka nyeupe zimenifunika uso na jirani anapiga kelele kwamba Mama Pasi amekufa. Wakanikimbiza hospitali kubwa. Nikapokewa na daktari mmoja wa kike, umri wa binti yangu, akaniwekea kile chombo chake cha baridi kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, kisha akauliza, "Mama, moyo huu nani aliusikiliza kabla yangu?"

Nikamwambia, "Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, mwanangu."

Akafumba macho kidogo kama mtu anayemeza tusi. Vipimo vilipotoka, ni vali ileile, ugonjwa uleule wa Refa, ila wangu umekwenda mbali, na nyama ya moyo imekuwa nene kwa kusukuma damu mlangoni pasipofunguka vizuri. Akasema wanawake wengi huletwa wamechelewa namna hii, kwa sababu wengi huja na uchovu na pumzi fupi, na wakisema wanaambiwa ni uzee au ni wasiwasi. Akasema dawa inayonifaa ni ileile ya mrija. Akanieleza bila kunificha kwamba mishipa ya mwanamke kwa kawaida ni myembamba kuliko ya mwanamume, kwa hiyo kutokwa na damu au mshipa kuumia pale mrija unapoingilia hutupata sisi zaidi, ndiyo maana nitapigwa kwanza picha za mishipa ili wajue njia na saizi ya vali. Akanipangia siku.

Nikaja nyumbani na habari hiyo. Alikuwepo Refa, alikuwepo mwanangu, alikuwepo na wifi yangu, dada yake Refa, ambaye haitwi lakini hakosi. Nikaeleza yote kama nilivyoelezwa. Refa aliposikia neno damu, kipenga kikalia. "Umesikia mwenyewe, kwa wanawake ni hatari. Tuache. Utumie dawa za kawaida, tumwombe Mungu." Mwanangu anaangalia simu yake, anasema, "Baba ana pointi." Wifi naye, bila haya, "Na akilazwa, kaka yangu atapikiwa na nani?"

Mshauri, kuna kitu kilikatika ndani yangu na si vali. Mtu huyu ana vali mpya inayogonga kifuani mwake, niliyoilinda kwa kukosa usingizi, ananiambia mimi nimwombe Mungu! Mbona yeye hakuambiwa aombe? Nikawaambia, "Vizuri. Sitibiwi. Nitakufa, na siku ya mazishi mtawaeleza watu nimeuawa na nini." Nikachukua godoro nikashuka dukani, na ndiko ninakolala mpaka leo, katikati ya nguo za watu. Siku ya picha ilipofika sikwenda. Nilikaa kwenye kiti changu nikawaza, wacha niondoke, wabaki na aibu yao. Na Mungu anisamehe, nikimsikia anapanda ngazi na mluzi wake, natamani vali yake ijifunge.

Je, nimekosea? Na ndoa hii niivunje au niiache inifie mikononi? Nijibu upesi, nikiandika ukurasa mmoja nahema.

Mama Pasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pasi, barua yako haikungoja zamu. Kuna barua za kujibiwa gazetini na kuna barua za kujibiwa kwa simu, na wewe uliweka namba, kwa hiyo nilikupigia nilipomaliza kusoma. Ninayachapa haya kwa ruhusa yako, kwa sababu wako kina mama wengine walioketi kwenye ngazi mahali fulani wanaoambiwa wapunguze mkate.

Wasomaji wajue tuliyozungumza. Nilikuuliza, "Umekaa?" Ukanijibu, "Nimesimama, napiga pasi." Nikakuambia kaa chini, na nilingoja mpaka niliposikia kiti. Halafu nikakuuliza ukifa, Refa atajifunza nini. Ukasema, kwa sauti ndogo, "Atalia wiki mbili, halafu dada yake atamtafutia mke." Tukacheka, na kicheko chako kikaishia kwenye kukosa pumzi, na mimi hamu ya kucheka ikaniisha.

Basi sikiliza, maana sitabembeleza. Hasira yako ni ya haki. Daktari anayemuuliza mume habari za kifua cha mke, na chombo kinaning'inia shingoni mwake, hakufanya kazi yake, na usimtafutie udhuru. Mwanao aliyesema baba ana pointi aelezwe kwamba pointi si pumzi. Wifi yako kama ana uchungu na tumbo la kaka yake, jiko halina kufuli, aingie apike. Lakini wewe pia una kosa, tena kubwa kuliko yote haya. Wao walikupuuza, wewe umejihukumu. Umeichukua hasira, ambayo ingekupeleka hospitali mbio, ukaitumia kujifungia dukani. Unataka kuwakomoa kwa kujizika? Anayezikwa hamkomoi mtu, dada yangu.

Kuhusu hiyo hatari, niliwasiliana na daktari wa moyo ninayemwamini. Anasema yule daktari binti alikwambia kweli, ila nyumbani kwako waliisikia nusu. Ni kweli siku za mwanzo wanawake hutokwa na damu na kuumia mishipa zaidi ya wanaume. Ni kweli pia kwamba baada ya hapo, wanawake waliotibiwa kwa mrija huishi si chini ya wanaume, na tafiti nyingi zinaonyesha wanawazidi. Mumeo alinyakua ukweli wa kwanza akauacha wa pili sebuleni. Na kuna wa tatu ambao hakuna aliyeutaja: mtu mwenye vali iliyokaza hivyo, ambaye ameshaanza kuanguka, akiachwa hivihivi yuko kwenye hatari kubwa kuliko ya mrija. Dawa za kawaida zinaweza kupunguza maji mwilini na kumpa nafuu, lakini mlango haziufungui. Wewe unajua pasi ya mvuke ikiota ukoko ndani, hata ubadilishe maji mara ngapi, matundu hayazibuki. Vali yako ina ukoko wa chokaa wa namna hiyo, na hata ukoko huo ukipimwa, daktari anasema, kiasi kinachoonekana kidogo kwa mwanamume kwa mwanamke chaweza kuwa kikubwa. Kwa hiyo asije mtu akakulinganisha na karatasi za Refa.

Tulipomaliza simu uliahidi kupiga hospitali. Ulipiga, nakupongeza, ukapewa siku nyingine wiki hii. Ukanitumia pia habari kwamba Refa alishuka dukani, akasimama mlangoni bila mluzi, akasema, "Mimi siogopi damu yako, naogopa kubaki peke yangu." Ukaniuliza umsamehe?

Hapo usinipeleke mbio. Nimeamini anaogopa. Lakini hofu yake aibebe mwenyewe, yeye ni mtu mzima. Haiwezekani mtu aogope kubaki peke yake halafu dawa yake iwe kukuzuia wewe kupona. Na wewe Refa, najua utasoma, kwa sababu gazeti hili linauzwa mlangoni pako. Mkeo alilala kwenye benchi la korido kwa ajili yako. Benchi lile bado lipo. Nenda ukalikalie. Na kama huwezi kukaa kimya daktari anapozungumza na mgonjwa wake, baki nyumbani ufue shuka za hoteli, ujue uzito wa kapu.

Sasa kazi yako, Mama Pasi. Leo hii hama hapo dukani, usilale peke yako. Mtu anayeanguka hatakiwi kuanguka mahali pasipo na wa kumwokota. Kama hutaki kulala na Refa, mfukuze chumbani, yeye ndiye mwenye afya. Makapu hubebi tena, ajiri kijana wa kubeba au wateja wapande wenyewe. Vile vidonge vya usingizi vipeleke hospitali, umwonyeshe binti yule pamoja na kila dawa unayomeza, akuambie viachweje. Nenda na mtu mmoja tu, yule jirani aliyepiga kelele, maana ameonyesha kwamba wewe ukianguka yeye hanyamazi. Uliza mshipa wako una upana gani, vali ya saizi gani inakutosha, watafanya nini damu ikitoka, na kama upasuaji wa kawaida ungekufaa zaidi au la. Ukijibiwa kwa haraka, uliza tena. Ukihisi kizunguzungu, kifua kubana au pumzi kukata kabla ya siku hiyo, usingoje siku, ukimbizwe hospitali palepale.

Ndoa usiivunje wala usiijenge wiki hii. Maamuzi ya ndoa yanataka mtu mwenye pumzi. Ukishapona, ukapanda mpaka ghorofa ya tatu bila kukaa, ukaona bado unataka kumwacha, niandikie, nami nitakuambia ninavyofikiri, na huenda Refa asipende. Kwa sasa zima pasi, funga duka, nenda ukapigwe hizo picha.