Mume Wangu Anapimwa Sukari na Sisimizi

Mpendwa Mama Wawira, kila Jumatano nakusikiliza redioni nikikamua ng'ombe, leo ni zamu yangu, nisaidie kabla sijawehuka, na tafadhali usicheke, ama ukicheka cheka pole pole.

Mume wangu anaitwa Misheck, ni mkulima wa miraa hapa karibu na Mikinduri, mtu mzuri, hanipigi, hanitukani, shida yake ni kiburi na soda, kwa maana akikaa kutafuna miraa na wenzake lazima kuwe na soda, moja ikiisha anafungua nyingine, na ukimwambia sukari itamuua anasema miraa inaichoma yote ikiwa bado mdomoni. Siku hizi anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka sokoni, suruali inashikwa na mshipi tu, na chooni hafiki, anajisaidia nyuma ya zizi kwa mgomba mmoja ambao nadhani umemchoka. Sasa kuna mtu alimwambia ati mwenye ugonjwa wa sukari akikojoa sisimizi hukusanyika, basi huyu Misheck, Baba Karwirwa wangu, amejifanya daktari, kila asubuhi anaenda kukagua mgomba, akirudi ananiita majirani wote wakisikia, "Mama Karwirwa, njoo uone! Hakuna hata sisimizi mmoja! Mimi ni mzima kuliko hao madaktari wako!"

Mama Wawira, sisimizi huja. Huja wengi kama walioitwa baraza ya chifu, ni mimi huamka kabla yake kwenda kukamua, nawamwagia jivu na kufagia, nilianza kwa sababu walikuwa wanapanda hadi kwa ndoo ya maziwa, sikujua kuna mtihani unaendelea hapo, na nilipojua nikaogopa kumwambia, nikaogopa pia kuacha, kwa maana anaingia nyumbani akiwa na furaha sana, na hata mimi nilikuwa nataka iwe kweli.

Juzi wauguzi walikuja kanisani kupima watu bure, wanaume wakajificha nyuma ya kanisa kuongea bei ya miraa, Misheck akiwa mwenyekiti wao, mimi nilikuwa nagawa chai. Na sasa ana kidonda kwa kidole gumba cha mguu, alichubuliwa na viatu vya gambuti mvua ilipoanza, hakiponi, kimeanza kuwa cheusi, anasema si kitu kwa sababu hakiumi, anakiloweka kwa maji moto ya chumvi, na jana nilimchomoa mwiba mrefu kwa kisigino hata hakugeuka kuniangalia. Nikisema hospitali anasema baada ya wageni, kwa maana Jumamosi ya wiki ijayo watu wa kijana anayemtaka binti yetu Karwirwa wanaleta kile kitita cha miraa cha posa, na ni baba anafaa kukipokea, tena ananiambia, "wakisikia nina sukari watasema tunawapatia msichana mgonjwa, wageuze gari." Nimeshanunua kreti za soda. Nikimwambia ukweli kuhusu jivu atasema nimemfanya mjinga, nikinyamaza naona huo mguu. Nifanye nini?

Kawira, Mikinduri

Kawira dada yangu, nimecheka. Nimecheka mpaka fundi wa mitambo akaingia kuuliza kama niko sawa. Halafu nikafika kwa kidole cheusi, nikarudia kusoma hapo mara mbili. Pole sana. Sasa keti uambiwe.

Wewe na Misheck mmefungua maabara nyuma ya zizi. Yeye ndiye daktari, wewe ndiye unaharibu majibu, na mgonjwa ni yuleyule daktari. Woi! Na hata ungeacha jivu jikoni, sisimizi hawajasomea kazi hiyo. Sukari hutoka na mkojo damu ikiwa imezidiwa tayari. Mtu anaweza kuugua miaka na asione hata mdudu mmoja. Kipimo ni tone la damu kidoleni, basi.

Na hiyo hadithi ya miraa kuchoma sukari, mwambie imenichekesha kuliko sisimizi.

Mguu usiouma ndio wa kukimbia nao, Kawira. Ukichomoa mwiba na mtu hageuki, ujue mishipa ya fahamu inakufa. Hayo maji moto yamwage leo, maana atajichoma na asijue. Usipake majani, usipake dawa ya jirani. Funika kidonda kwa kitambaa safi mwende hospitali kesho asubuhi, si duka la dawa, hospitali, wapime sukari na waangalie huo mguu. Ukisubiri Jumamosi, unaweza kumpokea mkwe ukiwa na mume wa mguu mmoja. Nimesema vibaya? Basi nimesema.

Wageni wataambiwa nini? Wataambiwa baba anatibiwa. Akilazwa, ndugu yake apokee hicho kitita, au siku isogezwe. Na hao watu wa kijana usiwaogope, waulize kwao nani humeza dawa ya sukari, utaona shingo zikiinama. Soda rudisha dukani, chemsha chai, kila mtu ajitilie sukari yake.

Mume wangu Ireri, hapa Manyatta, ana sukari miaka mingi. Hujidunga kidole kabla ya chai, akalia kama aliyechomwa mkuki, kisha akachukua jembe akaenda shambani. Namba ikipanda, tunajua ni yale mandazi aliyokula kwa jirani akidhani sijui. Anaudhi, lakini yuko.

Kuhusu jivu, mwambie usiku huu huu, kwa maneno haya: "Baba Karwirwa, sisimizi huja. Mimi huwafagia, kwa sababu nilitaka uwe mzima." Atapiga kelele. Mwache apige, kelele hazizuii mtu kuvaa viatu.

Na wewe. Ulidhani sijaona? Wauguzi walikuja hadi kanisani, wanaume wakajificha nyuma ya ukuta, wewe ukajificha nyuma ya birika. Hukuniandikia sukari yako ni ngapi kwa sababu hujui. Kesho Misheck akinyoosha kidole, chako kiwe kimetangulia, na Karwirwa awe nyuma yako, maana sasa hii sukari iko kwenu. Chai mtakunywa mkirudi.